Ireri Anaitwa Hospitali

Huko Embu ya chini, ukipita Siakago ukielekea Ishiara, mtu akipata mtoto wa kwanza wa kiume hasumbuki kutafuta jina. Jina liko tayari, ni la baba yake mwenyewe. Sasa mzee akizaa wanaume watatu, na kila mmoja akaoa akapata kijana, vijana wote watatu wataitwa jina la babu, na hakuna wa kumwambia mwenzake abadilishe. Ndivyo ilivyokuwa katika boma la marehemu mzee Ireri. Kulikuwa na Ireri wa Beth, Ireri wa Tabby na Ireri wa Kanini. Walitambulishwa kwa mama zao. Ukisimama nje ya ua uite "Ireri!" walitoka watatu, kila mmoja akiwauliza wenzake wanaenda wapi.

Mimi nilifika hapo kuchimba kisima. Ulikuwa ule mwaka wa kiangazi kirefu, kabla mvua ya El Nino haijaja kutusahaulisha tulichokuwa tukililia. Akina mama waliondoka na punda kufuata maji mtoni, na yakifika nyumbani maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai. Wenye boma wakasikia kuna Mmeru mmoja mzee, mtu wa Muthara asiyekaa mahali, ambaye amechimba visima kuanzia Isiolo mpaka Kiritiri. Wakaniita. Nikapewa pa kulala kwenye ghala ya ndengu, nikaanza kazi.

Kisima cha mkono kinataka watu wawili. Mmoja yuko chini na mtaimbo na karai, mwingine yuko juu na kamba. Wa chini anajaza ndoo udongo na mawe, wa juu anazungusha gogo, ndoo inapanda. Inapopanda, inapanda juu ya kichwa cha wa chini. Hapo uhai wako umeshikwa na mtu ambaye humwoni uso. Kwa hivyo sisi wachimbaji tuna sheria moja: mwenye hasira au mwenye mawazo hashiki kamba. Aende alale, aje kesho.

Kamba yangu ilishikwa na Ireri wa Kanini. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mabega mapana. Mabega hayo aliyapata Kibirichia, alikobeba magunia ya viazi na kuyapanga kwenye malori kabla hajarudi nyumbani kuoa. Mke wake aliitwa Wanjira, naye alikuwa na mimba kubwa. Binamu zake hawakufanana naye. Ireri wa Beth alikuwa mtu wa kelele, mchuuzi wa ndengu na muguka, majani ya kutafuna kama miraa, leo yuko hapa kesho yuko Mwea. Ireri wa Tabby alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, suruali imepigwa pasi hata siku ya kuchunga mbuzi.

Jumapili kisima hupumzika. Nikaenda kanisani na wenye boma, nikakaa benchi ya nyuma karibu na mlango, mahali pa mtu wa kupita. Baada ya mahubiri ikaja saa ya matangazo. Huko matangazo ya kanisa ndiyo simu. Mbuzi akipotea hutangazwa, mtu akilazwa hutangazwa, chifu akitaka watu hutangazwa. Mtangazaji alikuwa Misheck, ambaye siku za kazi huuza mafuta ya taa kwa baiskeli kutoka boma hadi boma. Ukitaka neno lifike mbali ulimpa Misheck. Alikuwa mtu mzuri, hana ubaya na mtu. Akatangaza mkutano wa akina mama, akatangaza ng'ombe aliyeonekana bila mwenyewe, kisha akasema:

"Na Sista Kathambi wa hospitali ya misheni amenituma. Anasema Ireri aende akamwone. Asingoje siku ya kliniki, aende tu."

Sista Kathambi alijulikana na kila mtu. Alikuwa na chumba chake peke yake mwisho wa veranda, na watu walikiita chumba ya damu. Mtu akiitwa huko haitwi kwa sababu ya mafua.

"Ireri gani?" Ireri wa Beth akauliza kwa sauti, pale pale alipokaa.

Misheck akasimama tena, akafikiri. "Amesema Ireri wa boma ya marehemu mzee Ireri."

"Na hilo ndilo jibu, Misheck? Hapo umenijibu au umeniuliza?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomo tu. Shingo zilikuwa zimeshageuka. Zilienda kwa Mwalimu aliyekaa mbele na wazee, zikaja kwa Ireri wa Beth, zikaishia kwa Ireri wa Kanini, kisha zikaanza safari upya. Wake zao nao waliangaliwa hivyo hivyo. Wanjira alikuwa akimpepea mtoto wa jirani kwa kitabu cha nyimbo. Hakuacha kumpepea.

Njiani kurudi, wale mama watatu walianza.

"Wangu ana nguvu ya fahali," Beth akasema. "Mnamwona."

"Fahali analala Mwea kila wiki," Tabby akajibu. "Wangu analala kwake."

"Wako alilala wapi alipokuwa chuo cha walimu? Ulikuwa naye kitandani?"

Kanini, mama ya huyu kijana wangu wa kamba, aliokota kuni njiani kama mtu aliyekuja kwa hizo kuni.

Jumatatu tukashuka kazini. Nilikuwa nimeshafika kwenye mwamba ule laini unaovunjika kama mkate mkavu. Nikajaza ndoo ya kwanza, nikatingisha kamba. Ikapanda. Ya pili ikapanda. Ya tatu ikafika katikati ikasimama, kisha ikatetemeka, na jiwe la ukubwa wa ngumi likaanguka karibu na mguu wangu.

"Ireri! Umelala?"

Nikajibana kwenye ukuta wa shimo.

"Shusha. Shusha pole pole."

Ndoo ikashuka. Nikaishika, nikaiweka chini, nikaangalia juu. Niliona duara la mbingu na kichwa cheusi pembeni.

"Sasa chagua," nikamwambia. "Ama uniambie una nini, ama unitoe uende nyumbani. Mimi sitafia hapa kwa mawazo ya mtu mwingine."

Kisha akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo, akasema kwa sauti ya chini, na shimo likaileta yote.

"Fundi, ni mimi nimeitwa."

"Umejuaje? Nyinyi si watatu?"

"Ni mimi nilienda kupimwa. Kule Kibirichia nilikuwa na rafiki, Kathuri. Tulibeba magunia pamoja, tukalala nyumba moja, tukaenda kwa wasichana wamoja. Juzi nilisikia amekufa. Alikonda mpaka wakawa wanambeba kwa mkono moja. Nikasema, kama ni hivyo, wacha nijue. Nikaenda misheni, nikatolewa damu. Nilipoulizwa jina nikasema Ireri, basi. Nilijua Ireri huku ni kama mchanga, nani atanipata? Kijiji na boma nikasema, nikaona haina shida, Ireri tuko watatu. Nikaambiwa nirudi kuchukua majibu."

"Ukarudi?"

"Nilifika mpaka kwa lango. Nikanunua muwa, nikarudi nao nyumbani."

Nilitaka kucheka, nikaona si mahali pake.

"Unaogopa kufa?"

"Kufa ni kwa kila mtu. Naogopa mtoni, Fundi. Naogopa Wanjira akisikia huko, mbele ya wanawake, na jerikeni kwa mgongo. Mimi hiyo maneno nataka aipate kwa mdomo wangu, kwanza, mbele ya mama yangu, mbele ya kila mtu. Kama iko mbaya iwe mimi nimemwambia. Kama iko nzuri pia iwe mimi. Sitaki kitu ingine."

"Basi nenda ukachukue."

"Niende vipi? Barabara ya misheni ni moja na inapita sokoni. Sasa kila mtu anangoja. Ireri atakayeonekana kwa hiyo barabara ndiye huyo. Nitarudi nimkute ameshaambiwa."

Hapo nikaona alivyobanwa. Akauliza:

"Wewe umetembea. Kuna dawa?"

"Nimeona watu wakiuza chupa," nikasema. "Walionunua nimewaona. Waliopona sijawaona. Lakini mimi ni mtu wa mashimo. Uliza Sista."

Akashika kamba, tukafanya kazi, na siku hiyo jiwe halikuanguka tena. Leo ninaposimulia, Ireri wa Kanini alishakufa, na kabla hajafa aliniambia naweza kuyasema haya, ndiyo maana nayasema. Hao binamu zake wawili majina ya mama zao nimeyabadilisha. La Ireri nimeliacha, halimfichui mtu.

Kesho yake mchana, kijana wangu alipoenda kula, kichwa kingine kikatokea juu.

"Mmeru! Umefika Australia?"

Ni Ireri wa Beth. Akasema amekuja kunisaidia kamba. Hakuwa amewahi kunisaidia kamba hata siku moja. Akavuta ndoo moja, akachoka, akalala kifudifudi vile vile.

"Mzee, nikuulize. Mtu akidungwa sindano ya ule ugonjwa wa wanaume, ule wa kukojoa moto, wanaweza kuchukua na damu kidogo bila kumwambia ni ya nini?"

"Sijui. Wanaweza."

"Huyo Sista alinichomoa damu. Mwaka huu, baada ya Pasaka. Akasema ni kuangalia tu. Kuangalia nini? Sasa nafikiri ni mimi. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Niko chini ya ardhi."

Na jioni, jua likiwa bado liko na kijana wangu ameenda kumwaga udongo, akaja Mwalimu. Yeye hakulala chini kwa sababu ya suruali. Alichuchumaa. Alizungumza kuhusu aina za miamba, kuhusu serikali, kuhusu wanafunzi wasiosikia. Mwisho akasema mama yake, Tabby, alipofanyiwa upasuaji, yeye alitoa damu ya kumwongezea, na damu ya kutolewa hupimwa, na wakiona kitu humwita mwenyewe.

"Mimi maisha yangu ni safi," akasema. "Ila mara moja, zamani. Mara moja tu. Mara moja inaweza?"

"Hilo ni la Sista, Mwalimu."

"Ndiyo. Haya nimekuambia wewe kama mtu wa kupita."

"Nimesikia kama mtu wa kupita."

Basi nikawa na Ireri watatu kifuani, kila mmoja akijua ni yeye, na hakuna aliyekwenda. Wa kwanza kwenda angekuwa amejitangaza mwenyewe. Wiki ikapita. Boma likaharibika pole pole bila mtu kupiga mwingine. Beth alianza kuficha kikombe chake ndani ya nguo za kitanda. Tabby alikuja kwa Kanini kuazima chumvi, akakataa chai. Ireri wa Beth alikaa nyumbani bila kwenda Mwea, na hilo peke yake lilitosha kutia watu hofu. Misheck alipopita na mafuta ya taa aliuliza kwa heshima, "Ireri ashaenda? Nimpelekee Sista jibu gani?" Mwalimu akamwambia anunue breki za baiskeli, na za mdomo pia.

Siku moja Wanjira alirudi kutoka mtoni, akafungua punda, akasema mbele yetu sote:

"Leo wameniuliza kama bado nalala kitanda kimoja na bwana yangu."

"Ukawaambia nini?" Kanini akauliza.

"Nimewaambia nyumba ina kitanda kimoja. Anayetaka kutupa cha pili alete."

Tukacheka. Ireri wa Kanini hakucheka. Alimwangalia mkewe akishusha majerikeni kwa tumbo lile, akaenda kumpokea. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya kamba.

Mambo yalikatika siku ya kupiga ndengu chache zilizoponea kiangazi. Boma zima lilikuwa uwanjani na fimbo, makapi yanaruka, watu wanakohoa. Ireri wa Beth akakohoa sana, akaona mama yake mwenyewe amesogea upande. Akaacha fimbo.

"Mama, unanikimbia?"

"Ni vumbi."

"Vumbi iko pande zote. Ni mimi unakimbia." Akageukia binamu zake. "Sikieni. Akichinjwa mbuzi hapa, fungu la babu linapewa nani?"

"Ireri," Mwalimu akasema.

"Ireri gani?"

"Linaliwa na wote watatu. Unajua hivyo."

"Kwa sahani moja. Tangu tukiwa watoto. Hakuna siku mmoja ameambiwa angoje nje. Nyama ikiitwa Ireri tunaenda watatu. Hospitali ikiita Ireri tunaanza kuangaliana kama wezi?"

Mwalimu akapangusa miwani. "Mimi ni mzee wa kanisa. Nikionekana naenda huko..."

Wanjira alikuwa amekaa juu ya gunia, hapaswi kupiga ndengu na hali yake. Akasema bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, mkienda watatu, nani atajua ni nani? Lakini mkikaa hapa watatu, watu watajichagulia mmoja. Na wakichagua vibaya?"

Nilimwona Ireri wa Kanini akiinua uso wake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Wakaenda asubuhi. Mimi pia nikaenda, kwa sababu mtaimbo wangu ulikuwa umekuwa butu na mhunzi alikuwa karibu na misheni. Sokoni watu waliacha kununua. Mama mmoja wa kuuza nyanya akaita:

"Na leo Ireri wote? Kuna nini?"

"Tumeitwa, tunaitika!" Ireri wa Beth akajibu. "Wewe ukiitwa na jina lako utatuma jirani?"

Hospitalini tulikaa kwenye benchi ya veranda. Mtaimbo nikausimamisha ukutani. Mlango ukafunguka, akatoka Sista Kathambi, mwanamke wa makamo, Mmeru mwenzangu, viatu vyeupe. Akasema kwa sauti ya kawaida:

"Ireri?"

Wakasimama watatu.

Alimjua aliyemtaka. Uso alikuwa ameuona. Lakini nilimwangalia macho yake, nayo yalipita juu ya nyuso zote tatu sawasawa, hayakusimama kwa mtu.

"Nani amewaleta?"

"Misheck alitangaza kanisani," Mwalimu akasema. "Kwamba Ireri anaitwa na wewe. Ireri ni sisi."

"Kanisani?" Akakaa kwenye benchi, kando yangu. "Nilimwambia amwambie Ireri, pembeni, wakiwa wawili."

"Sista, Misheck hana pembeni," Ireri wa Beth akasema. "Kwake kutangaza ni heshima. Na angemwendea Ireri yupi?"

Sista akajishika paji la uso. Kisha akasimama. "Kosa ni langu, si lake. Niliona siku zinapita, nikaogopa. Siri haipandi baiskeli. Nisameheni, wote watatu." Akafungua mlango. "Mtaingia mmoja mmoja. Aanze yeyote. Huyu mzee wa mtaimbo akae hapo mbali kidogo."

Nikasogea. Mwalimu akaanza, kwa kuwa ana cheo. Mlango ukafungwa, na hata ukitega sikio hukusikia kitu. Alikaa sana. Akatoka miwani mkononi. Ireri wa Beth akaingia, akakaa muda ule ule, na alipotoka alikuwa kimya, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ireri wa Kanini akaingia wa mwisho. Alikaa vile vile, si zaidi wala si pungufu. Alipotoka aliomba maji ya kunywa. Wote watatu walikuwa na pamba kwenye mkono, hapa kwenye kiwiko, kwa sababu Sista alikuwa amemtoa kila mmoja damu, awe ni wa mara ya kwanza au ni wa kurudia kuhakikisha. Nikaangalia hizo pamba tatu nikasema moyoni, huyu mama leo amefanya kazi.

Kabla hatujaondoka aliwasimamisha pamoja akawaambia maneno mamoja.

"Nawaambia wote, na mtu yeyote angekuja ningemwambia hivi. Dawa ya kuuondoa huu ugonjwa hatuna. Mtu akikuuzia, mkatae. Lakini kifua kinatibika. Kuhara kunatibika. Vidonda vya mdomo vinatibika. Anayekuja mapema anakaa miaka, analima, anasomesha. Sahani haiambukizi, kikombe hakiambukizi, kitanda si kitu, ni mnachofanya juu yake, na hilo nimewaeleza. Na majibu ya mtu ni ya mtu. Mimi simwambii mke wake, simwambii mama yake, simwambii kasisi. Atasema mwenyewe, akitaka mimi niwepo nitakuwepo. Mmesikia, Ireri?"

"Tumesikia," wakasema.

Njiani Ireri wa Beth alivumilia mpaka darajani.

"Sasa ni nani?"

"Wewe umeambiwa nini?" Mwalimu akamuuliza.

"Nimeambiwa yangu."

"Na mimi yangu."

Ireri wa Kanini akasema, "Na mimi yangu." Wakatembea. Mwalimu akasema tukifika tutaulizwa, tuseme nini? Wakapatana neno moja. Na kweli, mama watatu walikuwa getini wakitungoja.

"Haya? Ni nani?" Beth akauliza.

"Ireri," mwanawe akamjibu, akapita kwenda kutafuta chakula.

Kesho yake tulirudi kisimani. Kijana wangu alifanya kazi vizuri, kamba haikutetemeka. Kama saa nne Wanjira alikuja na uji. Alikuwa ameambiwa na mumewe alete, nilielewa baadaye. Ndani ya boma hakuna mahali pa kusemea. Jikoni ni ukuta wa fito, na kila nyumba ina mama anayesikia. Kisimani hapakuwa na mtu ila mimi, nami nilikuwa chini.

"Keti hapa kwa gogo," nikamsikia akimwambia. "Usisimame."

"Nimekuja na uji, siyo kuketi."

"Wanjira, keti. Sista ameniambia jambo. Ni mimi aliyekuwa akiita. Nilienda kupimwa. Damu yangu ina ule ugonjwa."

Hayo niliyasikia kwa sababu sikuwa na njia ya kutoyasikia. Nisingeweza kutoka, wa kunivuta ndiye aliyekuwa akiongea. Nikashika mtaimbo nikaupiga mwamba. Nikaupiga kwa nguvu zote, vipande vikiruka usoni, sauti ikizunguka shimo zima kama ngoma. Sikutaka lingine lisikike na mimi. Nilipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Nilipopumzika kuvuta pumzi nikasikia analia, sikujua ni nani kati yao, nikaanza tena.

Mara ya pili pumzi ziliponiishia, nikasikia sauti ya Wanjira:

"Nani mwingine anajua?"

"Majibu? Sista. Na sasa wewe."

"Mama yako?"

"La. Nimekuambia wewe wa kwanza."

"Na mimi? Na huyu?"

"Sijui. Sista anasema si lazima muwe nao. Ukitaka kujua uende, ukitaka nikusindikize..."

"Ukienda huko tena peke yako watahesabu, watajua ni wewe." Nilikuwa nimeinua mtaimbo, nikashindwa kuushusha. "Alhamisi ni siku yangu ya kliniki ya mimba. Nitaenda na wewe. Wewe utaingia kwa Sista, mimi nitaingia kwa Sista, hakuna atakayeuliza."

"Mwanaume kliniki ya mimba? Watacheka mpaka mwaka uishe."

"Wacheke. Kucheka nakuweza. Ni kunong'ona siwezi." Kisha akasema, "Nimekukasirikia. Usifikiri sijakasirika. Nitakukasirikia mpaka nimalize. Kunywa uji."

Nikashusha mtaimbo, si kwa nguvu. Baadaye ndoo ikaja chini na ndani yake kulikuwa na kibuyu changu cha uji, kimefunikwa kwa jani.

Alhamisi niliwaona wakitoka. Wanjira mbele, mumewe nyuma na kikapu. Huko wakati ule hakuna mwanaume aliyewahi kuonekana na mke wake siku hiyo ya kliniki, hata yule Mwalimu aliyesoma. Wanawake waliokuwa wakienda njia hiyo hiyo walisimama kumngoja Wanjira, na walipomwona nyuma yake ni nani, wakashika viuno.

"Wanjira! Huyo naye ni miezi mingapi?"

"Bado mchanga," Wanjira akasema. "Lakini anatapika asubuhi."

Wakacheka wakagongeana viganja. Mmoja akamwambia Ireri ashike tumbo asianguke. Ireri wa Beth, aliyekuwa akifunga gunia la muguka kwenye baiskeli, akapiga mbinja. Ireri wa Kanini aliinamisha kichwa, masikio yamewaka, lakini hakurudi. Alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine akaongeza mwendo ili awe sambamba na mkewe, na wanawake wakawafungulia njia, wakiendelea kucheka, wakaenda nao.